Nafasi ya Gitaa la Pili

Miezi michache iliyopita nilikuwa Isebania, pale mpakani, nimekaa kwa kinyozi nikingoja zamu yangu. Kijana wa pale alikuwa ametumbukiza simu yake ndani ya kikombe cha bati ili sauti itoke kubwa, na kutoka kwenye kikombe hicho ukaanza wimbo ambao sikuwa nimeusikia kwa zaidi ya miaka ishirini. Niliujua kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Ngoma ilikuwepo, sauti za wazee zilikuwepo, gitaa la solo lilikuwa likimetameta kama zamani. Lakini kuna mtu hakuwepo.

Nikamwambia kijana, "Humo ndani kuna mtu ametolewa."

"Mzee, hiyo ni orijino kabisa," akasema, huku akinikalisha kitini na kunifunga shuka shingoni. "Hakuna mtu ametolewa. Labda ni masikio."

Labda ni masikio kweli. Nina miaka arobaini na kitu, nimelala katika miji mingi kuliko ninayoweza kuikumbuka, na sasa vijana wameanza kuniita mzee bila kutabasamu. Baadaye fundi mmoja wa redio alinieleza kwamba spika ndogo ya simu haina nguvu ya kubeba sauti za chini, kwa hiyo hizo hupotea njiani. Maelezo hayo yalinitosha kichwani tu. Siku ile pale kwa kinyozi sikuyajua, na kabla kijana hajamaliza upande wa kwanza wa kichwa changu nilikuwa nimeshafika Kisumu, nyumbani kwa Dani, na sikuweza kurudi.

Ngoja nikueleze nilivyofika huko mara ya kwanza, maana safari ile bado iko mwilini mwangu. Tuliondoka Mombasa kwa treni ya jioni, mama na mimi, na sanduku moja la bati lililofungwa kwa kamba ya katani. Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa daraja la tatu, kwenye mabenchi ya mbao yaliyokuwa yakituchubua, tukala mahamri na chai iliyopoa kwenye chupa ya soda. Alfajiri niliona twiga kwenye tambarare za Athi, nikataka kumwamsha mama, nikaona amechoka, nikawatazama peke yangu. Nairobi tulishinda stesheni kutwa nzima tumekalia sanduku. Kisha treni nyingine, ya kwenda ziwani, iliyopanda na kupanda kwenye baridi ambayo mtoto wa pwani hakuwahi kuiota, halafu ikaanza kuteremka.

Kulipopambazuka kulikuwa na miwa pande zote mbili, na harufu kama sukari iliyoungua sufuriani. Muhoroni treni ilisimama kwa muda mrefu. Akina mama walikuja madirishani na mahindi ya kuchemsha na njugu, wakazungumza Kijaluo, na mama yangu akawajibu na kuangua kicheko. Nilimtazama. Sikuwahi kumwona mama yangu akicheka katika lugha nyingine. Mimi nilijua maneno machache tu, ya kuitwa na ya kukemewa. Hapo ndipo kuchanganyikiwa kwangu kulipoanzia, na sina hakika kama kumekwisha.

Mama alikuwa amepata kazi ya kuishi humo humo katika nyumba ya watu, na nyumba hiyo haikutaka mtoto. Akanileta kwa mama yake baba. Aliniambia ni mihula miwili tu. Ikawa miaka tisa.

Kwa Kijaluo nyanya huitwa Dani, na sikuwahi kumwita kwa jina lingine. Alikaa Manyatta, nyuma ya soko la Kibuye, katika nyumba ya udongo iliyopigwa plasta mbele na kusahauliwa nyuma. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa. Aliuza mchele wa Ahero kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, na kila alasiri, mvua ya saa kumi ikianza kupiga mabati, alikaa kwenye kigoda mbele ya dirisha na uteo magotini akichambua mawe. Huku akichambua alikuwa akivuma. Sikuwa na neno lingine. Hakuwa akiimba. Ilikuwa mm, mm-mm, mm, sauti ya chini kabisa, ikipanda kidogo na kurudi pale pale, kama mtu anayetembea chumbani akingoja habari. Nilidhani ndivyo wazee wanavyopumua wakiinama. Baada ya wiki mbili sikuisikia tena, kama vile watu wa Kibuye wasivyosikia kelele za Kibuye.

Chumbani kwake kulikuwa na gramafoni ya betri, imefunikwa kitambaa kilichotariziwa maua mekundu. Betri zilipochoka alizipandisha juu ya paa la choo zipate jua, na jioni zilikuwa na nguvu ya wimbo mmoja au miwili zaidi. Alikuwa na sheria moja, nayo aliisema kila Jumapili kana kwamba ni mpya: muziki haupigwi katika nyumba yenye vyombo vichafu. Kwa hiyo baada ya kanisa, baada ya ugali na samaki ngege wa mchuzi na mboga chungu ambayo ilinichukua mwaka mzima kuipenda, niliosha kila kitu, hata masizi ya nje ya sufuria, kwa haraka ya mtu anayekimbilia gari. Halafu Dani alifuta mikono, akafunua gramafoni, akatoa santuri.

Zilikuwa sita, lakini moja tu ndiyo ilikuwa na maana. Ilikuwa ya bendi ya wazee waliojiita jazz. Huko Kisumu kila bendi ilijiita jazz siku hizo, hata kama muziki wenyewe ulikuwa wa magitaa na wa kucheza, na hakuna aliyeona ajabu. Baba yangu alipiga gitaa katika bendi hiyo akiwa kijana, kabla ya kwenda Mombasa kutafuta kazi ya bandari, kabla ya kuoa, kabla ya homa iliyomchukua nikiwa bado sijajua kutembea. Walimrudisha kumzika. Picha yake iliyobaki ilikuwa ile ya kitambulisho, na unyevu wa Mombasa ulikuwa umeshaula uso, ukaacha kola ya shati.

Kwa hiyo unaelewa santuri ile ilikuwa nini kwangu. Sindano iliposhuka, Dani alinikalisha kwenye mkeka. Waimbaji waliimba, mimi sikuelewa, na kwa miaka miwili niliamini ni wimbo wa msiba, maana walivuta sauti kwa huzuni kubwa. Nilipoanza kukijua Kijaluo ndipo nikagundua ni kuhusu ng'ombe dume aliyepotea sokoni Sondu na mwenyewe akazunguka siku tatu akimtafuta. Basi, katikati ya wimbo waimbaji walinyamaza, magitaa yakabaki peke yake, na Dani akainua kidole kimoja juu.

"Nyamaza," alisema. "Huyo sasa. Huyo ndio baba yako."

Na wakati ule ule solo liliruka juu ya kila kitu, likacheka, likateleza, likakimbia. Mwishoni kabisa kulikuwa na mahali kidole kiliteleza kwenye uzi, kosa dogo, halafu mpigaji akalirudia makusudi kama anayesema, mmeniona? Nililipenda kosa hilo kuliko wimbo wote. Nilijua baba yangu alikuwa mtu wa utani. Hakuna aliyeniambia. Nilijua kutokana na kosa hilo.

Shuleni walinicheka kwa sababu ya lugha yangu, wakaniita Mswahili, wakaniuliza kama Mombasa watu hula mchanga. Siku moja mwalimu alituambia tuandike insha kuhusu wazazi wetu, nikaandika kuhusu solo. Mwalimu mwenyewe alikuwa mpenzi wa muziki huo, alikuwa akitembea darasani akipiga mdundo kwenye madawati kwa rula. Alisoma insha yangu kwa sauti, akaniomba niimbe kile kipande, nikakiimba chote mpaka kuteleza kwa mwisho, na darasa likacheka kwa namna nyingine. Tangu siku hiyo waliniita Solo. Jirani yetu pia alianza kuniita hivyo, mama mmoja kutoka upande wa Nyeri aliyeuza mitumba Kibuye, mwenye mdomo mwepesi na moyo mzuri. "Solo, njoo unibebee hii sweta nyororo, lakini usiipige kama gitaa."

Nilikuwa darasa la saba wakati wazee wa jazz walipokuja kupiga Awasi, kwenye harambee ya kujenga zahanati. Wengi walidhani wameshakufa. Dani alisikia habari hiyo sokoni, akaja nyumbani mapema, na siku mbili nzima hakutulia. Jumamosi asubuhi tulipanda basi, Dani, mimi, na jirani wa mitumba aliyekuja na robota lake la nguo kwa sababu hakuwahi kwenda mahali popote penye watu bila kuuza.

Walikuwa chini ya turubai, wazee wanne na kijana mmoja. Mzee wa solo alivaa kofia ya sufu na koti lililokuwa kubwa kuliko yeye, na jicho moja lilikuwa na ukungu. Jenereta lilinguruma nyuma yao. Walipopiga wimbo wa kwanza nilishtuka, maana haukuingia masikioni, uliingia tumboni. Na haukwisha. Nyimbo nilizozijua zikiwa fupi kama kikombe cha chai hapa zilikwenda mpaka kivuli cha turubai kikahama. Halafu, katikati, mtu alitoka mbele akainua mkono, na bendi nzima ikanyamaza papo hapo ili ajisifu. Alijisifu, akamsifu shemeji yake, akasifu pikipiki yake, akaweka kitu kwenye beseni la zahanati, na muziki ukarudi pale pale ulipoachia. Akaja mwingine. Santuri ya nyumbani haikuwahi kusimama kwa ajili ya mtu yeyote. Nilianza kuona kwamba kile nilichokijua kilikuwa kama samaki aliyekaushwa, na huyu hapa alikuwa bado anaruka.

Halafu wakaanza wimbo wa ng'ombe wa Sondu.

Nakumbuka kijana wa bendi alivua mkanda wa gitaa lake begani, akalishika tu mkononi kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa mwenzake. Nilidhani amechoka. Sikuwa na haja naye. Dani alikuwa amesogea mbele, karibu na wazee, amesimama wima. Mimi nilikuwa nyuma na jirani yetu. Na nikagundua jambo ambalo sikuweza kulieleza: wimbo ulikuwa umepwaya. Nyimbo nyingine zote zilikuwa nzito kuliko nilivyozijua, lakini huu, wetu, ulikuwa mwepesi, kama kiti kilichotolewa mguu. Nikasema moyoni ni uzee.

Waimbaji wakanyamaza. Yule mzee mwenye koti akafumba jicho lake zima, akapiga solo. Lilikuwa lile lile, kila mruko, kila kicheko. Na mwishoni kidole kikateleza kwenye uzi, kosa dogo, akalirudia makusudi, akatabasamu.

Jirani yetu akanigeukia. "Kumbe ni huyu mzee? Si uliniambia ni babako?" Halafu, kwa sababu alikuwa hawezi kuzuia utani hata ukimuunguza ulimi, "Ama babako alifufuka bila kutuambia, akamea na mvi?"

Aliona uso wangu, akajuta mara moja. Alinunua soda akanipa, sikuinywa, nikaishika mpaka ikawa moto. Sijui kama naweza kukuelewesha. Mtu akikuambia baba yako amekufa, angalau una baba aliyekufa. Mimi siku ile niliona baba yangu akiwa hajawahi kuwepo. Kile kicheko nilichokijua tangu nikiwa na miaka tisa kilikuwa cha mzee huyu mwenye jicho la ukungu, na kilikuwa kimeshuka jukwaani, kikavua viatu, kikaomba maji ya kunywa.

Dani alikuja kunichukua. Aliniongoza nyuma ya turubai kwa mzee wa solo, wakasalimiana kwa muda mrefu bila kuachiana mikono. Mzee akaniangalia.

"Huyu ndio ule mtoto ya Mombasa?"

"Ndio huyu," Dani akasema.

Alichukua mkono wangu wa kushoto, akaugeuza chini juu kama mtu anayekagua samaki. "Vidole ni zake," akasema. Kisha akaniinamia. "Kijana, hiyo wimbo ya ng'ombe, hatujaziba nafasi ya baba yako mpaka leo. Umeisikia hiyo nafasi?"

Nilimtazama kwa hasira ambayo mtoto hana ruhusa ya kuionyesha. Hamjaziba vipi na wewe ndiye umekaa hapo? Nilitaka kusema hivyo. Lakini mtu mzima wa umri ule akikuuliza kama umesikia, unajibu kwamba umesikia, hivyo ndivyo tulivyolelewa.

"Nimesikia, Mzee," nikasema.

Akafurahi. Akanipigapiga bega. Ule uongo mdogo wa adabu nimeujutia kuliko uongo mkubwa niliousema baadaye maishani, maana kama ningesema hapana, angeniambia kila kitu pale pale, akiwa na gitaa mkononi. Mwaka uliofuata tulisikia amezikwa.

Kwa miezi mingi sikutaka kuisikia santuri. Jumapili nilianza kuosha vyombo taratibu, nikasugua sufuria moja mpaka jua likaanza kutua, ili sheria ya Dani inisaidie. Dani hakunigombeza. Alinitazama, akaendelea na mchele wake. Nilifikiri ana hatia. Nilifikiri ananitazama kama mtu aliyekamatwa. Shuleni waliendelea kuniita Solo na mimi niliitika, nikijisikia kama mtu aliyevaa shati la mwenziwe mbele ya mwenye shati.

Halafu siku moja, Dani akiwa Kibuye, nilifunua gramafoni mwenyewe. Sijui nilitaka nini. Pengine nilitaka kuichukia vizuri. Vyombo vilikuwa vichafu. Betri zilikuwa zimechoka na mvua ilikuwa imezuia jua siku kadhaa, kwa hiyo santuri ilizunguka polepole, sauti za waimbaji zikawa nzito kama za watu wanaozungumza usingizini. Solo lilipoingia halikuruka wala kumetameta. Lilijikokota. Likapoteza utani wake wote.

Na chini yake kulikuwa na mtu.

Nilirudisha sindano. Nikajaribu kukumbuka Awasi, si kwa hasira sasa, ila kama mtu anayehesabu nguo zilizoanikwa kujua ipi imeibwa. Ngoma ilikuwepo Awasi. Besi lilikuwepo, ndilo lililoingia tumboni. Waimbaji, ndiyo. Solo, ndiyo. Lakini hili hapa, gitaa la sauti ya chini, kati ya besi na solo, linalotembea huku na huku bila haraka na kurudi mahali pale pale, hili halikuwepo. Ndipo nikamwona yule kijana akivua mkanda begani. Hakuwa amechoka. Katika nyimbo zote alipiga gitaa la pili, na katika huu mmoja alilishika tu, kwa sababu nafasi hiyo ilikuwa na mwenyewe.

Kwa hiyo baba yangu alikuwepo. Hakuwa yule anayecheka. Alikuwa yule anayeshikilia ili mwingine acheke. Nililia, halafu nikaona aibu, halafu nikaingiwa na mashaka kwamba labda nimelitengeneza kwa masikio yangu kwa sababu nilimhitaji mtu. Nilimvumia mwalimu kile kipande, bila kumwambia kwa nini. Alisikiliza, akapiga rula mara mbili, akasema, "Hiyo ni ya kujazia tu. Hakuna mtu husikiliza hiyo."

Labda unashangaa kwa nini sikumuuliza Dani. Nilimhurumia. Niliona wazi kwamba yeye pia alikosea kama mimi, kwamba Jumapili zote zile aliinua kidole kumheshimu mtu asiye mwanawe, na hakujua. Nani angemwambia mwanamke wa umri ule, baada ya miaka yote hiyo? Si mimi. Nikarudi kuosha vyombo kwa haraka. Nikarudi kwenye mkeka. Kidole kilipopanda nilitikisa kichwa, nikajifanya nasikiliza solo, na kimyakimya nikateremka chini yake kumtafuta baba. Miaka mitano tulikaa hivyo, yeye akinionyesha na mimi nikimficha, kila Jumapili, mimi nikijiona mtu mzima mwenye siri ya huruma.

Nilipomaliza kidato cha nne matokeo yalikuwa ya kati na kati, na miguu ilikuwa imeshaanza kuniwasha. Binamu yangu mmoja aliendesha lori la bidhaa mpaka Lodwar, akasema huko hakuna watu wengi wenye cheti, kazi haikosekani. Ilikuwa Alhamisi, asubuhi, na magugu yalikuwa yamefunika ziwa hata gati halikuonekana. Dani alipika wali wa mchele wake, ule wa kuuza, ambao hatukuwahi kuula isipokuwa Krismasi. Alikaa nami mpaka nikamaliza. Alisema hajui kusindikiza watu, aliyemsindikiza mara ya mwisho stesheni alirudi ndani ya sanduku. Nikampa mkono, akaushika wa kushoto pia, akaviangalia vidole, akaviachia. Nikaenda.

Nilikuwa nimeshafika barabarani, lori liko pale linanguruma, nilipokumbuka bahasha ya vyeti. Nilikuwa nimeiacha dirishani kwa Dani. Nikarudi mbio, nikapita nyuma ya nyumba, upande usio na plasta, ili nisianze kuaga upya.

Alikuwa amekaa mbele ya dirisha amenipa mgongo, uteo magotini. Gramafoni ilikuwa imefunikwa. Alikuwa akichambua mawe na akivuma, mm, mm-mm, mm, na kwa sababu tayari nilikuwa nimeaga, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa nje ya nyumba ile kama mgeni, niliisikia. Iliendelea kwa mwendo wa mtu anayetafuta mawe kwenye mchele, polepole, kama santuri yenye betri zilizochoka. Ilipanda kidogo, ikarudi pale pale. Nikaifuata kichwani, nikangojea mahali gitaa la pili husita kidogo kabla ya kujiunga na wengine. Akasita. Akajiunga.

Miaka tisa alikuwa akinivumia baba yangu masikioni, na mimi nilikuwa nikimficha asimjue. Au ndivyo nilivyosikia siku ile. Hadi leo wakati mwingine najiuliza kama haikuwa tu pumzi ya mwanamke mzee aliyeinama, na mimi mwenye kupenda kuona watu mahali walipotoka. Kidole kile nacho, sijui kilikuwa kikisema nini hasa. Huenda alinionyesha vizuri tangu mwanzo, akidhani mtoto wa mwanawe atajua mwenyewe atazame wapi.

Niko mbali na vyote hivyo sasa. Dani alifariki nikiwa Lodwar, barua ikanifikia baada ya mazishi. Nyumba ile iligeuka ghorofa la wapangaji. Santuri sijui ilikwenda na nani. Wale wazee wote wamezikwa, na kijana aliyeshika gitaa bila kulipiga, kama yu hai, ni mzee kuliko mimi. Wimbo umebaki, unapatikana kwa kila mtu, na unaingia kwenye kikombe cha bati, ila hauna mtu wangu ndani yake.

Lori lilipiga honi barabarani mara mbili. Bahasha ilikuwa karibu na kiwiko chake. Ningeweza kusema Dani. Neno moja tu. Angegeuka, ningeuliza, angejibu, na pengine nisingekuwa mtu wa kulala katika miji mingi kiasi hiki. Lakini alikuwa bado hajafika mwisho wa kipande. Nikaingiza mkono dirishani, nikaivuta bahasha taratibu, karatasi isije ikalia, nisije nikamkatiza.